Magofu ya Kunduchi si ya Wareno
Kila gofu la mawe pwani watu hulihesabu la Wareno, na ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, hayakusalimika. Ni kazi ya Waswahili. Msikiti ni wa karne ya 16 na mihrabu yake, kishubaka cha ukutani anaposimama imamu, inaelekea kaskazini, iliko Makka. Mreno Mkristo angeijengea nini? Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa; kupata chokaa, matumbawe yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa, kisha yakamwagiwa maji hadi yakawa unga. Makaburi ya nguzo, yaani yaliyosimamishiwa nguzo ya mawe, mengi ya karne ya 18, yalipachikwa mabakuli ya Kichina. Mabakuli mengi yamebanduliwa, yamebaki mashimo ya duara. Mizizi nayo hupasua kuta. Kunduchi yenyewe ingali ya wavuvi. Samaki hushushwa ufukweni.