Je, wajua kwa nini injini ya kabureta iliyorekebishwa pwani huchafuka ikifika Mbeya?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba injini ya petroli iliyorekebishwa Dar es Salaam hupungukiwa nguvu ikifika Mbeya kwa sababu hewa ya huku ina sehemu ndogo ya oksijeni, na kwamba dawa yake ni kuiongezea petroli. Nilikosea mara mbili. Oksijeni ni takriban asilimia 21 ya hewa, pwani na milimani. Kinachopungua ni hewa yenyewe: usawa wa bahari shinikizo lake ni kilopaskali 101 hivi, lakini Mbeya, kwenye mita 1,700, ni kama 83.

Ulionifungua macho ni mfano wa kikapu cha mchuma chai wa Rungwe. Kikapu kilichoshindiliwa na kile kilichojazwa bila kushindiliwa vina ukubwa mmoja, na katika vyote viwili kila chipukizi lina majani yake mawili, kama oksijeni ilivyo sehemu ileile ya hewa. Tofauti hujitokeza kwenye mizani. Silinda nayo hujaa vilevile, ila hewa iliyomo ni nyepesi, na petroli huungua kwa hesabu ya uzito: gramu 1 huhitaji gramu 14.7 hivi za hewa. Tundu la petroli la kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, halibadiliki ukubwa, kwa hiyo petroli hupungua kidogo kuliko hewa inavyopungua. Petroli hiyo ya ziada haiungui vizuri. Ukifungua plagi utaikuta ina masizi makavu, meusi, yanayofutika kwa kidole. Kuongeza petroli hapo ni kuzidisha ugonjwa.

MegaSquirt, kompyuta ya injini iliyobuniwa na Wamarekani Bruce Bowling na Al Grippo kwa ajili ya mafundi wapenzi wanaoilehemu wenyewe, hupima kabla ya kumimina. Kihisi chake husoma shinikizo kwenye bomba la kuingizia hewa, kingine husoma joto, kisha hukadiria uzito wa hewa na kuamua nozeli, yaani vinyunyizio vya petroli, zifunguke kwa muda gani. Ufunguo ukiwashwa, kabla injini haijazunguka, bomba hilo huwa na shinikizo la hewa ya nje tu, hivyo kihisi kilekile huwa barometa kwa sekunde chache. Kipimo hicho hutumika kwa marekebisho madogo, kwa kuwa moshi hutoka kwa wepesi zaidi penye hewa nyepesi. Kwa hiyo aliyewasha gari Ruaha Mbuyuni bondeni na kupanda mlima wa Kitonga bila kuzima, kama hakufunga kihisi cha pili cha hewa ya nje, huingia Iringa kompyuta ikiwa bado inafanya marekebisho hayo kwa hewa ya bondeni.