Konferensi ya michezo ya vyuo vikuu vya Marekani ni nini, na kwa nini Pac-12 ilibaki na vyuo viwili

Katika michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, konferensi ni kundi la vyuo vilivyofungana kwa mkataba: vinacheza pamoja kila msimu, vinatafuta bingwa wao, vinauza haki za matangazo ya televisheni kwa pamoja, kisha vinagawana fedha. (Waadventista wa Sabato wanalijua neno hili kama ngazi ya uongozi wa kanisa lao. Hapa maana ni nyingine kabisa.) Si ligi kama tulivyoizoea. Hakuna kupanda daraja wala kushuka. Chuo kinaweza kushika mkia miaka 10 mfululizo na kisiguswe, na kingine kikatwaa ubingwa halafu kikahama, kwa sababu uanachama unatokana na mkataba na matokeo ya uwanjani hayahusiki.

Vyuo vinapohama kwa wimbi, kimoja kikivuta kingine, ndiko kunakoitwa kupangwa upya kwa konferensi. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Pac-12, konferensi ya upande wa Pasifiki.

Mizizi yake iko Portland, jimbo la Oregon, Desemba 1915, pale vyuo vinne vya pwani ya Pasifiki vilipokubaliana kushindana. Msingi ulikuwa ujirani. Muungano ule wa kwanza ulivunjika mwaka 1959, vyuo vikajikusanya tena kwa jina jingine, na idadi ikazidi kukua: 8, kisha 10 mwaka 1978, kisha 12 mwaka 2011. Vyuo hivyo vilitwaa mataji zaidi ya 500 ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na vikajiita Konferensi ya Mabingwa. Haikuwa majigambo matupu.

Kilichobadilisha mambo kilitoka mahakamani. Hadi mwaka 1984, NCAA ndiyo iliyoamua ni mechi ngapi za futiboli ya Kimarekani zionyeshwe kwenye televisheni na za vyuo vipi. Mwaka huo Mahakama ya Juu Kabisa ya nchi hiyo ikasema utaratibu huo unavunja sheria ya ushindani. Tangu hapo vyuo na konferensi vikawa huru kujiuzia matangazo, na thamani ya jirani ikaanza kupimwa kwa idadi ya watazamaji anaowaleta. Wengi hulaumu tamaa ya wakuu wa vyuo wa leo. Mimi naona mbegu ilipandwa siku ile ya hukumu.

Kuna kifungu kimoja cha mkataba ambacho ukikielewa, mengine yote yanakuwa mepesi. Kila chuo hukabidhi haki zake za matangazo kwa konferensi kwa muda maalumu. Kikiondoka kabla ya muda huo, haki zake zinabaki nyuma, kwa hiyo huko kiendako hakina cha kuuza. Kifungu hicho ndicho kinachowafunga wanachama pamoja, kuliko historia na kuliko nyimbo za mashabiki. Muda ukiisha, mlango uko wazi.

Mkataba wa televisheni wa Pac-12 ulikuwa unaisha katikati ya 2024. Tarehe 30 Juni 2022, vyuo viwili vya Los Angeles, USC na UCLA, vikatangaza kuhamia Big Ten, konferensi yenye asili yake majimbo ya kati kaskazini. Pac-12 ikapoteza jiji lake kubwa kabla hata ya kupata mnunuzi mpya. Wiki chache baadaye Big Ten ikasaini mikataba ya miaka saba yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Waliobaki wakangoja ofa ya kuwaridhisha, haikuja. Julai 2023 Colorado ikatangaza kuondoka. Tarehe 4 Agosti vikatangaza kuondoka vyuo vitano kwa siku moja: Oregon na Washington kwenda Big Ten, Arizona, Arizona State na Utah kwenda Big 12, konferensi nyingine. Septemba mosi, Stanford na Chuo Kikuu cha California cha Berkeley zikakubaliwa kujiunga na konferensi ya pwani ya Atlantiki, ilhali zenyewe ziko jimbo la California, upande wa Pasifiki.

Zikabaki Oregon State na Washington State. Hazikuachwa kwa kuwa dhaifu uwanjani. Ziko Corvallis na Pullman, miji midogo isiyo na watazamaji wengi wa televisheni, na kwangu hilo ni dhuluma hata kama mkataba unaruhusu.

Viwili hivyo havikukubali kufa. Vilikwenda mahakamani vikapata mamlaka ya kuiongoza konferensi na mali zake. Kanuni za NCAA zinataka konferensi ya futiboli ya ngazi ya juu iwe na wanachama 8 angalau, ikipungukiwa inapewa miaka miwili ya kujijenga. Basi vikachukua vyuo vitano kutoka Mountain West, konferensi ya jirani, ambayo nayo ikajeruhiwa: Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State na Utah State. Gonzaga ikaja pia, lakini haina timu ya futiboli. Mwishoni ikaongezwa Texas State. Hesabu ya futiboli kuanzia 1 Julai 2026 ni 8 kamili. Akitoka mmoja tu, wamerudi chini ya kiwango, na mkataba wao mpya na kituo cha televisheni cha CBS unafika msimu wa 2030–31 tu.

Mzigo wa kuhama unawaangukia wanafunzi, hasa wasiocheza futiboli. Futiboli huchezwa mara moja kwa wiki. Timu ya voliboli ya UCLA sasa ina mpinzani New Jersey, karibu kilomita 4,000, umbali unaokaribia ule wa Mombasa hadi Lagos, na mitihani inawangoja darasani.

Sisi Afrika Mashariki tuna sehemu katika habari hii. Mwaka 1978 Henry Rono wa Kenya, mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Ya mita 5,000 aliivunja Berkeley, ya kuruka viunzi na maji Seattle, kwenye miji ya vyuo vya konferensi yake mwenyewe, kabla ya kwenda Vienna na Oslo kumalizia mbili. Samson Kimobwa na Julius Korir, bingwa wa Olimpiki wa 1984, walisoma hapohapo.

Juni 2025, Washington State ilitangaza kufuta michezo ya kuruka na kurusha, kupunguza mbio fupi, na kuelekeza nguvu kwenye mbio ndefu. Kijana wa Kapsabet anayekimbia mita 10,000 bado anaweza kupata nafasi Pullman. Mrusha mkuki hana.