Zawadi ya Mwalimu Mwisho wa Mwaka: Itolewe Lini, Iwe Nini, Ipitie Mikononi mwa Nani

Muhula wa tatu unapofika ukingoni, kati ya mwisho wa Novemba na mwanzo wa Desemba, wazazi wengi nchini Uganda huanza kuulizana: mwaka huu tumpe mwalimu nini? Swali ni jema. Ila kabla ya kuuliza nini kuna kuuliza lini, na hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Kazi ya mwalimu ya mwaka haijaisha mpaka mitihani isahihishwe, ripoti ziandikwe na orodha ya wanaopanda darasa itoke. Zawadi ikitangulia hayo, hata ikiwa kilo mbili za sukari zilizotolewa kwa moyo safi, inamwachia mwalimu mzigo. Akimpandisha mtoto wako darasa, wenzake watasema amenunuliwa. Akiona mtoto anahitaji kurudia, atasita, na anayeumia ni mtoto atakayeingia P.4, yaani darasa la nne la msingi, bila kujua kusoma. Kwa hiyo zawadi itolewe siku ya kuchukua ripoti, ripoti ikishakuwa mkononi, au baada ya siku hiyo.

Kwa madarasa ya watahiniwa umakini uongezeke. Mtihani wa PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi, hufanyika mwanzoni mwa Novemba, na wiki zinazoutangulia huwa na sala za kuwaombea watahiniwa, karamu za kuwaaga na bahasha nyingi. Sala ni jambo zuri, lakini bahasha zisubiri. Karatasi za P.7, na za S.4 na S.6 (mwaka wa nne na wa sita wa sekondari), husahihishwa chini ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, wala si na mwalimu aliyewafundisha watoto hao, kwa hiyo zawadi inayotolewa baada ya karatasi ya mwisho haina uzito wowote juu ya alama. Inayotolewa kabla yake inaweza kusomwa kama ombi la "msaada" ndani ya chumba cha mtihani, hata kama mzazi hakuwa na nia hiyo.

Sheria nayo ina la kusema. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009 inamkataza mtumishi wa umma, na mwalimu wa shule ya serikali ni mmoja wao, kuomba au kupokea kitu chochote ili afanye au aache kufanya jambo lililo ndani ya kazi yake. Shukrani ya wazi, ya kiasi, inayotolewa kazi ikiwa imekwisha, haimo humo. Zawadi ya siri, kubwa, inayotoka kwa mzazi mmoja mwenye jambo lake ofisini kwa mwalimu, imo.

Mchango wa darasa

Njia tunayoipendekeza kuliko zote ni wazazi wa darasa kutoa zawadi moja kwa pamoja. Makosa hutokea kwenye kupanga kiasi. Kamati nyingi hutangaza kiwango cha chini, tuseme "kila mzazi asipungue 10,000", na papo hapo mama anayeuza nyanya sokoni anaonekana mdaiwa. Tangazeni kikomo cha juu badala yake: "mzazi asizidishe 5,000, na asiye nacho asiwe na wasiwasi." Kikomo hicho pia kinamzuia mwenye nacho asije na 200,000 peke yake akaifunika zawadi ya darasa zima.

Tuchukue darasa la watoto 70. Wazazi 45 wakichanga 4,000 kila mmoja, mnapata shilingi 180,000. Likiwa darasa la P.2, mwalimu wa darasa ni mmoja kwa karibu masomo yote, kwa hiyo kiasi hicho kinatosha zawadi moja nzuri na salio la kuwakumbuka mpishi na askari. Likiwa P.5, watoto wanafundishwa Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Elimu ya Jamii, mara nyingi na walimu tofauti. Hapo gawanyeni sawasawa, 45,000 kwa kila mmoja. Kumpa wa Hisabati kingi kwa sababu somo lake ni gumu kunazua chuki chumba cha walimu, na chuki hiyo huwarudia watoto Februari shule zikifunguliwa.

Fedha zishikwe na wazazi wawili, mmoja akipokea na mwingine akiandika. Zikikusanywa kwa simu, ada ya kutoa hela kwa wakala pamoja na kodi ya asilimia 0.5 ya kila kiasi kinachotolewa zitapunguza mfuko, kwa hiyo zitengeni mapema au lipeni dukani moja kwa moja kwa simu. Risiti ipigwe picha na kutumwa kwa wazazi wote siku hiyo hiyo.

Jambo moja tunalisisitiza kwa nguvu: majina ya waliochanga yasisomwe darasani, wala mtoto asitumwe kuleta hela. Kadi iandikwe majina ya watoto wote wa darasa, wa mzazi aliyetoa na wa asiyetoa. Katika shule za UPE, yaani za mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote, Sheria ya Elimu ya 2008 inakataza kutoza ada za masomo na inataka mchango wowote uwe wa hiari. Mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango ni kosa, na itakuwa aibu ya ajabu kosa hilo lifanyike kwa jina la shukrani.

Kinachofaa na kinachokwama kabatini

Fikiria kwanza mwalimu anaelekea wapi. Walimu wengi hufundisha mbali na kwao. Shule zikifungwa, mwalimu wa Wakiso anapanda basi kwenda Arua, Soroti au Kasese akiwa na begi, watoto na godoro. Ukimpa kilo tano za sukari, kilo tano za mchele, mafuta lita tatu na unga kilo tano, umempa mzigo wa kilo 18 hivi wa kupandisha kwenye boda mpaka stendi. Kikapu cha chakula kinamfaa anayebaki nyumba za shule au anayekaa mtaa ule ule. Anayesafiri apewe kitu chepesi.

Kwa walimu wa shule binafsi chakula kina maana ya pekee, maana wengi wao hawalipwi mshahara wakati wa likizo. Shule zilipofungwa Machi 2020 na kukaa hivyo kwa sehemu kubwa mpaka Januari 2022, wengi wao waligeukia vibarua na biashara ndogo ndogo ili familia zile. Mchele na mafuta ya Desemba kwa mwalimu wa namna hiyo si kitu cha kudharau hata kidogo.

Ukinunua chakula, kagua tarehe ya mwisho ya mafuta na alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Unga na karanga viwe vikavu na vipya. Karanga zenye ukungu au ladha chungu zinaweza kuwa na sumu ya aflatoksini, na kuzikaanga au kuzisaga hakuiondoi. Mayai yapelekwe kwenye trei iliyofunikwa na trei nyingine tupu, kisha kamba ifungwe msalaba, la sivyo nusu yatapasuka njiani. Mkungu wa matooke, ndizi za kupika, huanza kuiva siku chache tu baada ya kukatwa, kwa hiyo umfikie mwalimu siku hiyo hiyo, naye awe na watu wa kuula. Kuku akipelekwa hai awe kwenye kapu au boksi lenye matundu, asubuhi kabla jua halijawa kali, asining'inizwe miguu juu kwenye pikipiki. Kwa mwalimu Mwislamu, kuku hai ni bora kuliko aliyechinjwa, kwa kuwa atamchinja mwenyewe inavyompasa. Pombe isiingie kwenye kikapu cha mwalimu yeyote. Na kabla ya kuweka kahawa ya Bugisu au majani ya chai, uliza kama mwalimu ni Msabato, maana wengi wao hawatumii vinywaji hivyo.

Kitambaa ndicho kinachopendwa kuliko vyote, na ndicho kinachonunuliwa vibaya kuliko vyote. Kitenge kizima kina yadi 6. Kinatosha sketi, blauzi na kilemba, au gauni moja na shati la mtoto. Shati la mwanamume linataka yadi 2 na nusu hivi. Muuzaji akikuambia ni pamba tupu, geuza kitambaa: kitenge kizuri cha nta kina rangi inayokaribiana pande zote mbili, cha bei rahisi nyuma ni kama kimefifia. Omba uzi mmoja kutoka ukingoni, uuwashe kwa kiberiti. Uzi wa pamba huungua, hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini. Wa poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Poliesta si haramu, lakini kwa mwalimu anayesimama saa sita chini ya bati wakati wa kiangazi ni mateso, na bei yake isiwe ya pamba.

Gomesi, vazi la heshima la wanawake nchini Uganda, inahitaji zaidi: kitambaa cha mita 6 hivi, kikoyi cha ndani, mshipi, na fundi anayejua kuweka mabega. Mkimpa mwalimu kitambaa kitupu mmempa pia deni, kwa sababu ufundi unaweza kukaribia bei ya kitambaa chenyewe. Lipeni ufundi kabisa kwa fundi aliye karibu na mwalimu, mchukue risiti, muiweke ndani ya kitambaa. Vipimo achukuliwe mwenyewe. Mjue pia kwamba kuanzia katikati ya Novemba mafundi wamefurika nguo za Krismasi. Kinachopelekwa siku ya ripoti kinaweza kutoka Januari, na mwalimu aambiwe hivyo mapema. Kanzu haina shida hiyo, kwani huuzwa tayari kwa urefu wa inchi. Pimeni kanzu au joho analovaa, msikisie kwa macho.

Vitu vya kazi navyo vina nafasi yake. Mwavuli ufunguliwe na kufungwa dukani mara tatu, na mbavu zake zikaguliwe kwenye viungo, kwani ndipo zinapokatika. Chupa ya chai yenye kioo ndani huvunjika kwenye basi. Ya chuma cha pua inadumu. Mimina maji yaliyochemka, funga, subiri dakika 10. Ukigusa ubavu wa nje ukakuta moto, irudishe. Taa ya sola inamfaa sana mwalimu wa kijijini anayesahihisha madaftari usiku; iwashwe dukani, na karatasi ya dhamana igongwe mhuri. Kwa mwalimu wa Kiswahili, somo ambalo Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 lifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, kamusi nzuri ni zawadi atakayoitumia kila wiki, maana shule nyingi hazina vitabu vya kutosha vya somo hilo.

Manukato, viatu, na vikombe vilivyoandikwa "mwalimu bora" viacheni. Manukato na viatu ni vya kubahatisha, na vikombe anavyo tayari vya miaka yote iliyopita. Vifurushi vya intaneti ni vizuri mkinunua vya siku 30, kwani vya siku moja huisha mwalimu akiwa bado ndani ya basi.

Kuhusu hela taslimu: katika shule ya serikali tunashauri msitoe. Kama darasa limeamua hivyo kwa sababu mwalimu ana mgonjwa au msiba, zitolewe na kamati, mbele ya mwalimu mkuu, kiasi kikiwa kimeandikwa.

Barua

Wazazi wengi huidharau barua, na hapo wanakosea. Barua nzuri ina mambo matatu: mwalimu alifanya nini hasa, mtoto amebadilika vipi, na jina kamili la mzazi. "Asante kwa kazi nzuri" haimsaidii mtu. "Mwezi wa tatu Aisha alikuwa hasomi sentensi, ulibaki naye baada ya masomo, sasa anasoma ukurasa mzima" ni ushahidi wa kazi. Nakala ipelekwe kwa mwalimu mkuu iingie kwenye faili lake. Mwalimu wa shule binafsi anayetafuta kazi kwingine, au wa serikali anayekwenda kwenye usaili wa kupandishwa cheo, anaweza kuitoa mfukoni. Mtoto wa P.1 achore, wa P.4 kwenda juu aandike kwa mkono wake, na makosa ya tahajia yaachwe kama yalivyo.

Ikitokea mwalimu mwenyewe ndiye anayedai zawadi, au anashikilia ripoti mpaka apewe kitu, msimpe na msigombane naye mbele ya watoto. Andikeni tarehe na maneno aliyosema, mpelekeeni mwalimu mkuu. Asipochukua hatua, nendeni kwa Kamati ya Usimamizi wa Shule, kisha kwa ofisa elimu wa wilaya. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali nayo hupokea malalamiko ya rushwa moja kwa moja kutoka kwa raia.