Ngoma zilizopigwa chini ya ngazi

Wanafunzi wa kurekodi muziki hunijia mara kwa mara wakitaka kujua ni maikrofoni ngapi zilizonasa ngoma za mwanzo wa "When the Levee Breaks", wimbo wa bendi ya roki ya Kiingereza Led Zeppelin, na hushangaa ninapowaambia kwamba zilikuwa mbili tu.

Wimbo wenyewe una umri mkubwa kuliko bendi. Wanamuziki wa blues wa Marekani Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie waliurekodi mwaka 1929, miaka miwili baada ya Mto Mississippi kubomoa matuta yake ya kuzuia mafuriko, yaani "levee" za jina la wimbo, na kuwaacha mamia ya maelfu ya watu, wengi wao wakulima weusi, bila makao. Rekodi yao ya magitaa mawili ni nyepesi na ya kusikitisha, nami naona ni haki isikilizwe kwanza.

Led Zeppelin waliwahi kuujaribu studioni London bila kuridhika. Walipohamia Headley Grange, nyumba ya Hampshire iliyojengwa mwaka 1795 kwa ajili ya maskini, huku gari la kurekodia la bendi ya Rolling Stones likiwa limeegeshwa nje, ngoma za mpigaji wao John Bonham ziliwekwa katika ukumbi wa kuingilia, na fundi mitambo Andy Johns akaning'iniza maikrofoni zake kutoka kwenye ngazi za juu.

Hapo ndipo penye siri. Maikrofoni iliyo karibu husikia ngozi ya ngoma. Iliyo mbali husikia nyumba nzima, kwa sababu sauti huifikia ikiwa imekwisha kugonga kuta na kurudi. Johns aliipitisha sauti hiyo kwenye kompresa, kifaa kinachobana kishindo cha pigo na kuinua mlio hafifu unaofuata, kisha akaongeza mwangwi wa mashine ya Kiitaliano iitwayo Binson Echorec. Hata hivyo naamini kwamba vifaa hivyo visingefaa kitu bila mkono wa Bonham, aliyepiga kwa nguvu na kwa mizani ileile tangu mwanzo hadi mwisho.

Baadaye mwendo wa tepu ulipunguzwa, mapigo yakawa mazito zaidi, na kinanda cha mdomo kikatiwa mwangwi wa kinyumenyume unaotangulia sauti yenyewe. Wimbo ulitoka Novemba 1971, na kwa kuwa mengi ndani yake yalifanywa na tepu pamoja na ukumbi ule, bendi iliupiga jukwaani mara chache tu, mwanzoni mwa mwaka 1975.