Kuprinti bila draiva: maana yake nini

Unawasha printa ya Wi-Fi, unafungua hati kwenye kompyuta yenye Ubuntu, unaagiza ichapwe, na jina la printa tayari limo kwenye orodha. Hukuweka CD wala kupakua kitu. Huko ndiko kuprinti bila draiva, yaani bila programu maalumu ya kuielewesha kompyuta modeli hiyo ya printa.

Kwenye Linux, mfumo endeshi ambao Ubuntu ni toleo lake mojawapo, kazi za kuchapa husimamiwa na CUPS, programu ya Michael Sweet iliyotoka mwaka 1999 na ambayo Apple nao waliichukua kwa ajili ya Mac. Kwa miaka mingi CUPS ilizifahamu printa kupitia faili za PPD: kila modeli na faili lake, lenye maelezo ya trei, saizi za karatasi na rangi. Kuongeza printa kulikuwa ni kusaka jina la kampuni, kisha modeli, kwenye orodha ndefu. Ukiikosa yako, unachagua inayokaribiana nayo na kumwachia Mungu.

Siku hizi printa hujieleza yenyewe. AirPrint, njia ya Apple ya kuprinti bila draiva, ilikuja mwaka 2010, na IPP Everywhere, kanuni iliyo wazi kwa kampuni zote, ikafuata mwaka 2013. Printa hujitangaza kwenye mtandao, kompyuta inaisikia, kisha inaihoji kwa IPP, lugha ya kuwasiliana na printa kupitia mtandao: unapokea karatasi gani? Una rangi? Unachapa pande mbili? Wino umebaki kiasi gani? Dirisha la mipangilio huchorwa kutokana na majibu hayo. Kama printa haichapi pande mbili, hakuna sababu ya kukuonyesha chaguo hilo.

Huo ndio urahisi ninaoukubali. Kuficha vitufe tu ni jambo jingine. Ubuntu iliwahi kuwa na ukurasa mwepesi wa printa kwenye mipangilio ya GNOME (mazingira ya madirisha na menyu ya Ubuntu), na ndani yake kitufe cha mipangilio ya ziada kilichofungua programu kongwe, system-config-printer. Tena kuna ukurasa wa CUPS wenyewe, unaofunguka kwenye kivinjari kwa kuandika localhost:631, anwani ya kompyuta yako mwenyewe. Sehemu tatu, printa ileile! Na bado programu unayoandikia ina saizi yake ya karatasi: hati ikibaki kwenye Letter ya Marekani (216 × 279 mm) huku trei ina A4 (210 × 297 mm), printa inaweza kugoma tu, taa inawaka-waka, na wewe unadhani imeharibika.

Printa kuukuu zisizojua IPP hazijaachwa. Huwekewa programu ndogo inayojifanya printa ya kisasa mbele ya kompyuta, ilhali nyuma yake draiva inaendelea na kazi. Kwa hiyo draiva haijafa, imehamishwa tu mahali ambapo haikusumbui.

Ukienda kununua printa, tafuta neno AirPrint kwenye boksi hata kama huna iPhone. Printa ya namna hiyo kwa kawaida Linux nayo huielewa.