Chapa, kitambulisho, utambulisho

Kwenye mahari ya binamu yangu, mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, msema maneno alishika mikro akatangaza: "Mama zetu wamevaa Hollandais ya kweli, ndiyo kitambulisho yetu!" Hollandais ni vikwembe, yaani vitenge, vya Uholanzi. Vigelegele vikapigwa. Nami nilipiga makofi, ila neno lile kitambulisho lilinikwama, maana mwaka huu nimelisikia mara nyingi mno mahali lisipostahili.

Chapa, au marke kama tunavyosema huku, ni jina na alama anayotia mtengenezaji ili bidhaa yake isichanganywe na ya mwenzake. Kitambulisho ni kitu cha kushika mkononi, kama ile kadi ya mpiga kura tunayomwonyesha polisi. Utambulisho ni yale yanayomfanya mtu ajulikane kuwa ni yeye. Ki- na u- zimetosha kutenganisha hayo mawili ya mwisho. Yanayochanganywa zaidi ni chapa na utambulisho, na hapo ndipo ninapoumia.

Chapa ni neno lililovuka bahari kutoka Bara Hindi, na tangu huko lilihusu muhuri, kitu kinachogandamizwa juu ya kingine. Ndiyo maana kitabu hupigwa chapa, na ng'ombe pia hupigwa chapa. Ng'ombe hajipigi. Utambulisho umezaliwa na kutambua: kutambulisha ni kumfanya mwingine atambue. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa pili, mwenye macho na kumbukumbu. Muhuri hauna haja naye.

Siku ile shangazi yangu alikuwa amejifunga kikwembe cha zamani, na pindo lenye maandishi ameliacha nje kusudi. Herufi zimefifia lakini zinasomeka: Vlisco, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1846 mjini Helmond, Uholanzi. Hiyo ni chapa, na yeye anajivunia, kwa haki kabisa, kwani kitambaa kimefuliwa miaka na rangi bado imeshika. Lakini kiwandani mapambo ya vitambaa hujulikana kwa nambari. Majina yake, kama lile la "Jicho la mke mwenza", yametungwa na akina mama wauzaji katika masoko ya Afrika. Mwanamke akivaa pambo lile, jirani yake anajua anasemwa, na hana haja ya kusoma pindo. Maana yake imewekwa na wavaaji, wakaelewana wao kwa wao.

Sikatai kwamba marke inaweza kuingia ndani ya watu. Timu yetu ya mpira ya mtaa wa Kamalondo, iliyoanza mwaka 1939, ilibeba jina la Englebert, ambalo ni chapa ya matairi ya Ubelgiji, na kwa jina hilo ikatwaa kombe la klabu bingwa Afrika mwaka 1967 na 1968. Leo inaitwa Mazembe. Baba yangu mkubwa bado husema Englebert, tena kwa sauti ya upole, na hafikirii tairi hata kidogo. Anafikiria redio iliyowekwa dirishani na wanaume waliojazana uani kusikiliza. Kiwanda kilitoa jina, ila walioligeuza kuwa lao ni wale waliokuwa uani.

Basi, ndugu msema maneno, siku nyingine ukitaka kusifu kiwanda, sema marke yetu, hakuna atakayekukosoa. Ukitaka utambulisho, tutajie jina la pambo na aliyelivaa kwanza katika ukoo. Kikwembe kile cha shangazi kilikuwa cha nyanya, alichojifunga siku ya mahari yake mwenyewe. Shangazi alipoingia uani, wazee walisimama kabla mikro haijawashwa.