Tumbo, michirizi na kioo: maswali ya mama aliyejifungua

Maswali haya huulizwa kwa sauti ya chini, mlangoni pa kliniki, mtoto akishapimwa uzito na kadi ikishajazwa. Yanastahili majibu kamili.

Nina miezi miwili tangu nijifungue. Mbona tumbo linaonekana la mimba ya miezi mitano?

Kwa sababu tumbo hilo lina mambo matatu, na kila moja lina muda wake. La kwanza ni mji wa mimba. Mara tu baada ya kujifungua huwa na uzito wa karibu kilo 1 na unafika usawa wa kitovu. Hushuka kama sentimita 1 kwa siku, na kufikia wiki ya 6 hubaki chini ya gramu 100. Kwa hiyo wako umesharudi. La pili ni misuli ya mbele ya tumbo, iliyoachana katikati ili mtoto apate nafasi. La tatu ni mafuta na ngozi iliyovutika, na hayo ndiyo huchukua muda mrefu zaidi.

Misuli unaweza kuipima mwenyewe. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikae chini. Weka ncha za vidole katikati ya tumbo, juu kidogo ya kitovu, kisha inua kichwa na mabega kidogo tu. Utahisi kingo mbili zikivibana vidole. Hesabu ni vidole vingapi vimeingia katikati, halafu rudia kwenye kitovu na chini yake. Pengo la zaidi ya vidole viwili maana yake misuli bado imeachana. Kwa wengi hujifunga ndani ya wiki 8. Likizidi hapo, omba rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Kosa tunaloliona sana ni kukimbilia mazoezi ya kukata tumbo, yale ya kulala chali na kuinuka. Ukiona katikati ya tumbo panatuna kama tuta unapoinuka, basi unasukuma pengo badala ya kulifunga. Anza hivi: lala ubavu, magoti yamekunjwa kidogo, vuta pumzi. Unapoitoa, vuta taratibu sehemu ya chini ya tumbo kwenda ndani, huku umebana njia ya mkojo na ya haja kubwa kana kwamba unajizuia. Hesabu hadi 10 ukiendelea kupumua, achia. Rudia hadi mara 10. Kuruka kamba na kukimbia kusubiri walau wiki ya 12.

Mama mkwe anasema nisipofunga mkaja tumbo halitarudi. Ni kweli?

Mkaja unatuliza mgongo na unampa mzazi utulivu, hatuupingi. Lakini hauyeyushi mafuta wala hauungi misuli. Ufunge uweze kupitisha vidole viwili kati ya kitambaa na ngozi, na uufungue unapolala. Ukikazwa mno, mgandamizo wa tumbo unashuka chini na kuilemea misuli ya nyonga ambayo tayari imechoka; hapo ndipo mkojo unapoanza kuchopoka ukikohoa. Aliyepasuliwa asifunge juu ya kidonda bila kumuuliza mkunga. Na maji ya kukandwa yasiwe ya moto wa kubabua: mshono unaungua haraka.

Michirizi na weusi wa tumboni vitaondoka kwa krimu gani?

Michirizi ni ngozi ya ndani iliyochanika ilipovutika. Huanza na rangi nyekundu au zambarau, kisha hupauka. Hakuna krimu inayoifuta kabisa. Mafuta ya nazi yanapunguza muwasho tu, na hiyo nayo ni nafuu. Mstari mweusi wa tumboni na madoa ya usoni hutokana na homoni, na kwa kawaida hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa. Ila weusi mzito shingoni au kwapani, ngozi ikiwa nene kama mahameli, si uchafu wa kusuguliwa. Huo unaweza kuwa dalili ya sukari kupanda; nenda ukapime.

Mkorogo tafadhali uache. Mara nyingi una haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), steroidi au zebaki. Steroidi hukondesha ngozi na kuleta michirizi mipya, yaani ugonjwa uleule uliokuwa unautibu. Zebaki huharibu figo, na kwa anayenyonyesha hupita kwenye maziwa hadi kwa mtoto.

Siwezi kujitazama kwenye kioo. Nifanyeje?

Hapa ndipo penye kazi, maana wengi hupungua kilo na aibu ikabaki palepale. Aibu hulishwa na mambo mawili: kujificha usijione kabisa, na kujikagua kila saa kwa kubana nyama za tumbo. Yote mawili yanaufundisha ubongo kwamba mwili ni hatari.

Chagua dakika 5 mtoto akiwa amelala. Simama umbali wa kama mita 1 kutoka kwenye kioo kinachokuonyesha mzima. Siku za mwanzo vaa nguo nyepesi. Baadaye nguo za ndani. Anzia nywele, shuka hadi vidole vya miguu bila kuruka sehemu, ukitaja unachokiona kama unamweleza fundi cherehani asiyekuona: "Tumbo limelegea, lina mikunjo miwili chini ya kitovu, ngozi ina mistari ya zambarau." Ukisikia unasema "tumbo baya", rudi useme umbo na rangi. Tumbo lipewe muda sawa na mikono. Moyo ukidunda usikimbie. Baki mpaka ushuke kidogo. Fanya hivyo karibu kila siku kwa wiki chache. Usifanye ukitoka kugombana na mtu, wala usishike futi ya kupimia.

Na zile nguo za kabla ya mimba zitoe kabatini, zifunge kwenye mfuko. Kiuno cha sketi kinachokukata kinakusema kutwa nzima. Nunua mbili za saizi ya leo, au mpelekee fundi aachie mshono.

Ndugu wananiambia "umekuwa bonge" mbele za watu.

Jibu fupi, kisha hamisha mazungumzo: "Shangazi, mimi mzima, na mtoto mzima. Habari za nyumbani?" Huna deni la kueleza uzito wako. Kwenye simu, nyamazisha kurasa zinazokuacha na uchungu. Picha zina nguvu: katika eneo la Nadroga, nchini Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, ambako mwili ulionona ulisifiwa, runinga ilifika mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa shule mwaka huo, na hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walikuwa 11 katika kila 100.

Nikilala bila kula nitapungua haraka?

Maziwa yanadai nishati ya ziada ya karibu kalori 500 kwa siku. Ukijinyima utachoka, na usiku utakula kwa pupa. Kupungua nusu kilo kwa wiki kunatosha.

Nijuaje kwamba nahitaji msaada?

Ukijitapisha, ukikwepa kliniki ili usionekane, mawazo ya mwili yakikula zaidi ya saa moja kwa siku, au huzuni ikipita wiki mbili. Mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto ni ya kwenda hospitali leo hii, ukiwa na mtu wa kukusindikiza. Kwenye kliniki ya mama na mtoto, usingoje uulizwe. Mwambie muuguzi: "Dada, mtoto anaendelea vizuri. Leo nimekuja kwa ajili yangu. Siupendi mwili wangu na silali vizuri. Naomba tuzungumze faragha."